Vinundu visivyouma: jinsi sindano ya insulini inavyoweza kuvuruga sukari na maisha ya kila siku

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, siku ya mfanyabiashara mdogo huanza kabla ya mapambazuko. Hufunga mzigo wake wa karoti na vitunguu, akashika njia ya kivuko cha Petite Barrière kuelekea Goma. Kwa yule anayeishi na kisukari kinachohitaji insulini, ipo kazi nyingine inayoutangulia mzigo huo: kuvuta dawa kutoka kwenye kichupa, kufunua nguo na kujidunga sindano.

Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa haraka, taa ikiwa hafifu, na mahali palepale palipodungwa jana na juzi. Sababu huwa ni moja: hapo hapaumi tena.

Wataalamu wa kisukari husema kwamba kutouma huko si habari njema. Mara nyingi ni dalili kwamba chini ya ngozi pameota kinundu cha mafuta, na kwamba dawa inayoingizwa humo haifiki mwilini kwa namna inavyotarajiwa. Kinundu hicho hakina homa wala hakitoi usaha, na ni vigumu kukiona kwa macho. Hata hivyo kinaweza kuwa chanzo cha sukari inayopanda na kushuka bila sababu inayoeleweka, na chanzo cha lawama ambazo mgonjwa hastahili.

Kinundu hutokea vipi?

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyo katika damu kuingia ndani ya chembe za mwili ili itumike kama nishati. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kongosho limeacha kabisa au karibu kabisa kuitengeneza, na bila sindano hawezi kuishi. Kwa baadhi ya watu wenye aina ya pili, vidonge hufika mahali vikashindwa, nao huhitaji sindano pia.

Insulini ina tabia nyingine isiyozungumzwa sana: huchochea chembe za mafuta kukua. Inapoingizwa mahali pamoja siku baada ya siku, mafuta ya sehemu hiyo huvimba, na baadaye hushikana na nyuzinyuzi ngumu za kovu. Kinundu kinaweza kuwa kidogo kama punje ya harage au kipana kama kiganja. Mishipa ya fahamu iliyomo hupungua, ndiyo maana sindano haiumi, naye mgonjwa hurudi papo hapo kesho yake. Kinundu hulishwa na sindano zilezile ambazo hazimuumizi.

Mambo matatu yanajulikana kuchangia: kudunga mahali pamoja bila kubadilisha, kutumia eneo dogo mno, na kurudia sindano moja mara nyingi. Sindano za kisasa ni nyembamba sana na ncha yake hupoteza ukali haraka. Ncha iliyopoteza ukali huichana ngozi badala ya kuitoboa, na kila jeraha dogo huongeza uwezekano wa uvimbe.

Tatizo lenye umri wa insulini yenyewe

Ngozi imekuwa sehemu ya habari hii tangu siku ya kwanza. Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali moja ya mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dawa iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Dawa ile haikuwa safi. Sukari yake ilishuka kidogo tu, na mahali palipodungwa paliota jipu. Baada ya mwanakemia James Collip kuisafisha zaidi, kijana huyo alidungwa tena tarehe 23 Januari, na safari hii nafuu ilionekana wazi.

Kwa miongo mingi iliyofuata insulini ilitokana na kongosho za ng'ombe na nguruwe. Wagonjwa wengi wa enzi hizo walipata tatizo lililo kinyume cha kinundu: mafuta yaliliwa, na ngozi ikabaki na mashimo. Insulini inayofanana na ya binadamu ilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1980, mashimo hayo yakawa nadra. Vinundu havikutoweka, kwa kuwa havitokani na uchafu wa dawa. Vinatokana na dawa yenyewe pamoja na namna inavyodungwa.

Kwa nini sukari hupanda ilhali dawa inatumika?

Dawa inayoingizwa ndani ya kinundu hunyonywa polepole, na zaidi ya hayo hunyonywa kwa kiwango kinachobadilika kila siku. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2016 uliwachunguza watu 13 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wakidungwa kiasi kilekile, mara katika mafuta yenye afya na mara katika kinundu. Dawa iliyopita kwenye kinundu iliingia katika damu kwa kiasi kidogo, na tofauti kati ya siku moja na nyingine ilikuwa kubwa zaidi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013 nchini Uhispania, uliwachunguza watu 430 wanaojidunga insulini. Karibu thuluthi mbili yao, yaani asilimia 64, walikutwa na vinundu. Miongoni mwa wenye vinundu, asilimia 39 walikuwa wamepatwa na kushuka kwa sukari kusikoelezeka, ikilinganishwa na asilimia 6 ya wale wasio na vinundu. Na miongoni mwa waliokuwa wakibadilisha mahali pa kudunga kwa usahihi, ni asilimia 5 tu waliokuwa navyo.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine linalogusa mfuko. Wenye vinundu walitumia wastani wa uniti 56 kwa siku, na wasio navyo uniti 41. Tofauti ya uniti 15 kwa siku ni uniti 450 kwa mwezi. Kichupa cha kawaida cha mililita 10 hubeba uniti 1,000. Kwa hesabu hiyo, karibu nusu ya kichupa inaweza kupotea kila mwezi ndani ya uvimbe.

Mfano wa mwanamke wa mpakani

Chukua mfano wa mfanyabiashara yule wa Petite Barrière. Anajidunga upande wa kushoto wa kitovu kwa miaka mitatu. Katika kliniki, kipimo kinaonyesha sukari iko juu. Anaulizwa kama amekula ndizi na viazi kupita kiasi, au kama ameruka dawa. Anakana, lakini maneno yake hayana ushahidi. Kipimo cha dawa kinaongezwa. Mwezi unaofuata sukari bado iko juu, na kipimo kinaongezwa tena.

Kisha asubuhi moja, kwa bahati tu, anajidunga upande wa kulia, kwenye nyama ambayo haijawahi kuguswa. Uniti zote alizoongezewa zinafika katika damu kwa mara ya kwanza. Saa mbili baadaye, akiwa katika foleni na mzigo kichwani, mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka na maneno yanamchanganyika. Waliomzunguka wanaweza kudhani amelewa.

Hali hiyo ni kushuka kwa sukari chini ya miligramu 70 kwa desilita, na isipotibiwa haraka inaweza kuleta degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Mtu aliye na fahamu hupewa vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kisha hupimwa tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu hapewi chochote kinywani. Hulazwa kwa ubavu na kukimbizwa hospitalini.

Aliyepatwa na hali hiyo mara moja huanza kuiogopa. Wengi huamua kupunguza dawa kwa siri au kula zaidi ili kujihami, nayo sukari hupanda. Ikiendelea kuwa juu kwa miaka, huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Hivyo kinundu kisichouma kinaweza kuwa mwanzo wa madhara makubwa yanayojitokeza mbali na mahali palipodungwa.

Madhara mengine ya sindano

Vinundu si tatizo pekee. Wapo wanaovilia damu, wanaotokwa na tone la damu au la dawa baada ya kuchomoa sindano, na wanaosikia maumivu makali. Mengi ya hayo yana suluhisho jepesi. Dawa iliyotoka moja kwa moja kwenye ubaridi huuma zaidi kuliko iliyoachwa ipate joto la chumba. Spiriti isiyokauka juu ya ngozi huwasha.

Kudunga kwa kina kupita kiasi ni hatari zaidi. Sindano ndefu kwa mtu mwembamba, na hasa kwa mtoto, inaweza kupita mafuta ikafika kwenye msuli, na dawa ikafanya kazi haraka mno. Ndiyo sababu wanaotumia bomba la kawaida hufundishwa kufinya ngozi kwa vidole viwili kabla ya kudunga. Kwa kalamu ya insulini, sindano ya milimita 4 huwatosha watu wazima karibu wote, wembamba kwa wanene.

Msuli unaofanya kazi pia huharakisha dawa. Anayejidunga pajani kisha akapanda kilima na mzigo anaweza kushuka sukari mapema kuliko alivyozoea. Kwa mji uliozungukwa na vilima kama Gisenyi, hilo si jambo dogo.

Tahadhari nyingine inawahusu wanaonunua dawa mbali na kliniki yao. Insulini nyingi leo ina nguvu ya uniti 100 kwa mililita, lakini bado zipo nchi zenye insulini ya uniti 40. Bomba la kila moja lina alama zake, na kwa desturi lile la uniti 100 huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa na lile la uniti 40 chekundu. Dawa ya aina moja ikivutwa kwa bomba la aina nyingine, kipimo kinaweza kuzidi au kupungua kwa zaidi ya mara mbili.

Yanayoweza kufanywa bila gharama

Mnamo Oktoba 2015, wataalamu 183 kutoka nchi 54 walikutana mjini Roma, Italia, kujadili namna bora ya kudunga insulini. Mapendekezo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, hayahitaji mitambo wala fedha nyingi.

La kwanza ni kubadilisha mahali kwa mpango. Sehemu zinazofaa ni tumbo, mapaja kwa mbele na pembeni, makalio, na nyuma ya mkono wa juu. Tumbo linaweza kugawanywa katika robo nne, kila wiki robo moja, kwa mzunguko wa saa. Ndani ya robo hiyo, kila sindano iwe umbali wa angalau sentimita moja kutoka iliyotangulia, yaani kama upana wa kidole. Eneo la karibu kabisa na kitovu huachwa.

La pili ni kupapasa. Kinundu hutambulika zaidi kwa vidole kuliko kwa macho. Vidole vikiwa na sabuni au mafuta kidogo, mtu hupapasa taratibu kutoka pembeni kuelekea mahali anapojidunga, akitafuta sehemu iliyo ngumu au nene kuliko jirani yake. Mapendekezo yanataka muuguzi aikague ngozi angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mwenye vinundu.

La tatu ni sindano mpya. Wataalamu wanashauri kila sindano itumike mara moja tu. Pale ambapo sindano ni chache na mtu analazimika kuirudia, kila siku inayopungua katika kurudia huko ni faida. Lisilo na udhuru ni kuchangia sindano au kalamu na mtu mwingine, hata ndugu wa nyumba moja, kwa kuwa virusi vya ukimwi na vya homa ya ini huweza kupita humo. Sindano zilizotumika huwekwa katika kopo gumu lenye kifuniko na kurejeshwa kituo cha afya.

Jambo moja halifai kufanywa bila ushauri. Mtu anayehama kutoka kwenye kinundu kwenda kwenye ngozi yenye afya karibu kila mara huhitaji kipimo kidogo zaidi. Kuhama huku kipimo kikibaki kilekile ndiko kulikomwangusha mwanamke wa mfano wetu. Mabadiliko hayo hufanywa kwa mashauriano na muuguzi au daktari, sukari ikipimwa mara nyingi zaidi kwa siku kadhaa. Kinundu kilichoachwa huru hupungua polepole, kwa kipindi cha wiki hadi miezi.

Maisha nje ya kliniki

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, watu wapatao milioni 9 duniani wana kisukari cha aina ya kwanza, na kati ya watu zaidi ya milioni 60 wenye aina ya pili wanaohitaji insulini, ni karibu nusu tu wanaoipata. Insulini imo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Nchini Rwanda, bima ya afya ya jamii, inayojulikana kwa wengi kama mituweli, hupunguza gharama za matibabu, na katika hospitali mwanachama huchangia asilimia 10. Chama cha Wagonjwa wa Kisukari cha Rwanda, kilichoanzishwa mwaka 1997, kimekuwa kikishirikiana na mpango wa kimataifa wa Life for a Child kuwafikishia watoto na vijana insulini, mabomba na vipimo. Kliniki za magonjwa yasiyoambukiza zinazoendeshwa na wauguzi zimesogezwa hadi hospitali za wilaya. Muuguzi wa kliniki hizo ndiye, kwa wagonjwa wengi, mtu pekee anayeweza kuipapasa ngozi yao na kutambua tatizo.

Lakini mgonjwa hutumia saa chache tu kliniki kwa mwaka. Siku zilizobaki ni zake na familia yake. Wapo wanaojificha chooni ili kujidunga kwa kuwa majirani huihusisha sindano na dawa za kulevya. Kijana mwingine huona haya kuvaa nguo ya kuogelea ziwani kwa sababu ya uvimbe tumboni. Na mzazi huamka usiku kumgusa mtoto kama ana jasho. Uchovu huo wa kuhesabu kila siku unatambuliwa na madaktari kama sehemu ya ugonjwa, na msongo wa mawazo huwapata watu wenye kisukari zaidi kuliko wengine.

Kwa Waislamu wa Gisenyi, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, Ramadhani huleta swali la ziada. Wanazuoni wengi wanaona kwamba sindano ya insulini haibatilishi saumu, kwa kuwa si chakula wala kinywaji. Aidha dini imetoa ruhusa ya kutofunga kwa mgonjwa anayehofia madhara. Anayetaka kufunga anashauriwa kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na kufungua mara moja sukari ikishuka.

Hifadhi ya dawa katika mji wa mpakani

Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na haipaswi kuganda. Kichupa kilichofunguliwa kwa kawaida hutumika kwa takriban wiki nne, kikiwekwa mbali na jua na moto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotumia vipimo vya joto kutoka kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, uligundua kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililobadilika kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Gisenyi, iliyo juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ina hewa ya baridi kuliko Dadaab. Asiye na jokofu hapaswi kukata tamaa: chungu cha udongo chenye maji, kilichowekwa kivulini, husaidia kupunguza joto.

Wakazi wa eneo hili pia wanajua maana ya kuhama ghafla. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu wa Goma walivuka kuingia Rubavu, na mitetemeko iliyofuata ilipasua majengo ya pande zote mbili. Januari 2025, mapigano ya kuuwania mji wa Goma yalisababisha makombora kuangukia upande wa Rwanda na kuua raia. Kwa mwenye kisukari, mfuko mdogo uliowekwa tayari, wenye kichupa, sindano, kipimo, sukari na karatasi inayoonyesha aina na kipimo cha dawa, ni sehemu ya matibabu.

Swali la kupeleka kliniki

Sukari inapokataa kutulia, swali la kwanza ambalo mgonjwa huulizwa ni alichokula. Wataalamu wanapendekeza swali jingine liulizwe sambamba na hilo: sindano inadungwa wapi? Mgonjwa anaweza kulianzisha mwenyewe. Siku ya kliniki inayofuata, anaweza kumwonyesha muuguzi mahali anapojidunga, kumwomba apapase, na kueleza anatumia sindano moja mara ngapi. Ukaguzi huo huchukua dakika chache. Kinundu kikipatikana, kipimo kinaweza kupunguzwa badala ya kuongezwa, na mwanamke wa Petite Barrière akavuka mpaka akiwa na hofu kidogo kuliko jana.